Mwalimu Ethel Bartholomayo na Shikamoo Zisizoitikiwa

Wasifu huu umeandikwa na Agatha, mtoto wa kwanza wa marehemu, naye ndiye anayeusoma. Wazee walimwomba aseme mazuri tu. Mazuri yapo, na ataanza nayo.

Mwalimu Ethel Bartholomayo alizaliwa Chilangala tarehe 9 Machi 1950, binti wa katekista Bartholomayo na Mama Veridiana. Ndugu aliyeachiana naye ziwa ni Mzee Selestini, aliyeketi hapa mbele. Alianza shule kijijini, akaendelea Newala, kisha akasomea ualimu Masasi na kuhitimu Desemba 1969.

Alifundisha Chilangala, Makote na mwisho Newala mjini, miaka arobaini kamili, mpaka alipostaafu mwaka 2010. Waliosoma kwake wanajua kwamba shikamoo ya kumeza haikupita mlangoni. Nurdini, ambaye leo ni mmoja wa waliochimba kaburi, alirudishwa nje mara saba asubuhi moja mpaka kila silabi ikasikika. Lakini Mwalimu naye aliitika zote saba, kwa kituo, akimtazama usoni. Walimu wenzake waliokuwa wakiitika huku wanatembea aliwasema bila kuwaonea haya. "Usipoitika vizuri," alikuwa akiwaambia, "mtoto atajuaje kama umemwona?"

Tarehe 10 Juni 1972 alifunga ndoa na Anthony Zabroni, karani wa ushirika wa wakulima wa korosho. Alimpenda mumewe waziwazi, jambo lililowakera mawifi. Walijaliwa watoto wawili, Agatha na Yoeli. Mzee Anthony alitangulia mbele za haki mwaka 2006.

Maradhi yalianza mwaka 2018 kwa mambo madogo. Alitia chumvi kwenye chai. Siku moja alimwaga ndoo nzima ya maji safi uani, na hapa Newala, maji yalivyo ya shida, mtu mwenye akili zake hamwagi maji. Mwaka 2021 akaanza kumwamkia Agatha. Alisimama mlangoni ameshika mikono mbele kama mtoto wa shule, akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa anamwona Mama Veridiana.

Kwa watu wetu, kupokea shikamoo ya mzazi wako ni kujitafutia laana. Agatha hakuitika. Alisema, "Mama, mimi Agatha, mwanao. Bibi alishakufa, mwaka sabini na tisa." Mwalimu alilia kilio cha mtu aliyepata msiba saa ile ile, kwa sababu kwake ulikuwa wa saa ile ile. Kesho yake alikuwa amesahau. Akaamkia tena, akaambiwa tena. Agatha alidhani anamkumbusha. Kwa miaka mitatu alimpelekea mama yake taarifa ya msiba mmoja, karibu kila asubuhi.

Watoto wa jirani walipogundua kwamba anaamkia kila mtu, walijipanga kwenye ua ili waamkiwe. "Marahaba, mjukuu wangu," walimjibu, wakaangua kicheko. Mwalimu hakukasirika. Wao walau walimwitikia.

Daktari mmoja huko Masasi alitueleza vizuri. Ugonjwa huu unaitwa Alzaima. Ubongo unanyauka, ya karibuni yanafutika kwanza, ya utotoni yanachelewa kuondoka. Si uchawi wala laana, wala si uzee wa kawaida, na dawa ya kuuponya haipo. "Msimvute aje mlipo nyinyi," alisema. "Mfuateni alipo yeye. Akikuamkia, itika." Agatha aliikunja karatasi ya daktari akaiweka ndani ya Biblia. Yoeli alisema huyo daktari hakulelewa.

Aliyeitika ni Loveness, mke wa Yoeli. "Marahaba, mwanangu. Nawa mikono, ule." Mwalimu alinawa, akala ugali wake wote, akalala mchana ule bila kulia. Ilikuwa Mei mwaka huu. Agatha aliyaona kwa macho yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Mzee Selestini.

Kikao hakikuchukua muda. "Mkwe anapokea shikamoo ya mama mkwe, tena anamwita mwanangu," alisema Mzee Selestini. "Huyu anamuuguza dada yangu au anamdhihaki?"

"Mjomba, mimi nilitaka ale tu," alijibu Loveness.

Alirudishwa kwao Makote siku ile ile. Yoeli alimbebea begi mpaka barabarani, akarudi kupulizia mikorosho dawa.

Tangu hapo Mwalimu alisimama mlangoni na chakula kikapoa. Mtoto aliyefunzwa hakai kula kabla hajaitikiwa, na yeye alifunzwa. Alikonda mpaka khanga zikawa hazikai kiunoni. Tarehe 12 Agosti alilazwa kwa homa ya mapafu. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 16 Agosti 2024, saa nne, alifumbua macho akamtazama Agatha. "Shikamoo, mama." Hapakuwa na mjomba wodini, wala kikao. Neno lilimfika Agatha mdomoni, lakini ulimi ulikuwa umezoea lile jingine.

"Mama, bibi alishakufa," alisema.

Mwalimu aligeukia ukutani akalia, kidogo, kwa kuwa nguvu hakuwa nazo. Alifariki kabla ya saa tano, akiwa amefiwa na mama yake.

Ameacha watoto wawili, Agatha na Yoeli, mdogo wake Mzee Selestini, wajukuu watano, na mkwe mmoja, Loveness, ambaye wazee waliagiza asitajwe. Amesimama kule nyuma. Apite mbele, atupe udongo kabla ya Agatha.

Wenye wazazi wa namna hii majumbani, rudini mkawaitikie leo. Mungu ampumzishe mtumishi wake Ethel. Huko alikokwenda yupo Mama Veridiana, na tunaomba amwitikie.