Pacha wa Kinyozi

Benchi liko mbele ya duka la kinyozi, limeegemea ukuta uliolika rangi kwa migongo ya watu wale wale. Kuna Redio, mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna anayejua anazimiwa wapi. Kuna Fyuzi, fundi umeme, na Bi Birika anayemimina kahawa, mwenye maneno machache kama sukari yake. Mwenye duka ni Wembe. Mtaa mzima hauna mkono mtulivu kama wake, lakini asubuhi hiyo alisimama mlangoni na taulo begani, roho juu. Daktari wa kliniki alitaka damu yake na ya pacha wake, kwa utafiti wa ule ugonjwa wa akili uliompata pacha ukamwacha yeye. Jibu lilitakiwa leo.

– Yule binti ni daktari kweli kweli, alisema Wembe. Kanieleza mpaka nimeelewa. Kwenye ubongo kuna vipokezi, ni kama vijilango. Dopamini, kemikali ya kupeleka habari humo ubongoni, inakuja, inabisha hodi. Kwangu inabisha kwa jambo la maana: mteja kaingia, chakula kiko tayari. Kwa pacha wangu kila kitu kilikuwa kinabisha hodi. Mbwa akibweka, anaitwa yeye. Bango la barabarani, kaandikiwa yeye.

– Masikini! Si atachoka huyo? alisema Bi Birika.

– Alichoka sana, Bi. Ndiyo maana namvulia kofia. Vidonge vinamtetemesha mikono, vinamnenepesha, na kila jioni anavimeza bila kukumbushwa. Mimi nisingeweza.

– Na hizo jeni wanazotaka kuzitafuta kwenye damu ndiyo nini? aliuliza Fyuzi.

– Maelekezo ya kutengeneza hivyo vijilango, na mengine chungu nzima. Mimi na yeye tunayo yale yale, neno kwa neno. Ila mwili mengine unayasoma kwa sauti, mengine unanong'ona. Na si jeni moja, ni kundi zima, kila moja inachangia kidogo. Nikamuuliza daktari, sasa kwa nini yeye na si mimi? Akasema, "Sijui bado, ndiyo maana naomba damu." Daktari mzima anakwambia sijui! Nilimpenda hapo hapo.

– Mbona hilo dogo, alisema Fyuzi. Huo ni umeme. Nyumba mbili, waya mmoja, ila kwa kaka yako volti zilizidi. Mngemfungia stebilaiza ya kutuliza umeme tangu utotoni.

– Toka hapa na stebilaiza yako! alidakia Redio. Anayetangulia kuzaliwa anaikuta dopamini yote, wa pili anaokota makombo. Nani alitangulia?

– Mimi.

Redio alikunywa kahawa kwanza.

– Basi wa kwanza anaikuta haijaiva. Halafu nikwambie, damu zenu wakishazipata watazichanganya watoe pacha wa tatu. Halali usingizi huyo! Ananyoa usiku na mchana. Duka lako kwisha habari.

Walicheka mpaka Bi Birika akamwaga kahawa. Kisha Fyuzi akashusha sauti.

– Utani kando, kaka. Wakipima wakasema na wewe unazo hizo jeni za ugonjwa? Wembe wako unapita shingoni mwetu. Zikiturukia je?

– Jeni hazirukii mtu, Fyuzi. Unazaliwa nazo.

– Mimi nimekuelewa. Mtaa je?

Hofu hiyo ya mtaa ndiyo iliyomnyima Wembe usingizi. Redio, aliyekuja mahsusi kunyolewa, akajishika kidevu.

– Mimi nadhani ninyoe kesho, alisema. Ndevu hazijakua vizuri.

Zilikuwa zimekua, tena sana. Wembe alikunja taulo, na ilimuuma.

Wakati huo pacha mwenyewe akatokea upande wa barabarani. Siku zote hupitia mlango wa nyuma, lakini leo ulikuwa na komeo. Sura ile ile ya Wembe, ila imejaa zaidi. Alisimama, mikono ikimtetemeka kidogo.

– Habari za asubuhi, jamani. Nimewasikia tangu kule kwenye kona. Mimi damu natoa. Lakini naomba kuuliza.

– Uliza, ndugu yangu, alisema Bi Birika.

– Kama damu yetu ni moja, mbona mimi mkiniona mnavuka barabara, na yeye mnampa shingo?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sabuni. Fyuzi alitazama kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, alizimika.

– Kesho tunakwenda kliniki wote, alisema Wembe. Mimi na wewe.

Redio akainuka taratibu.

– Kaa hapa pangu, alimwambia pacha. Bado pana joto.

Akaingia dukani, akakaa kwenye kiti, akalaza kichwa nyuma mpaka shingo yote ikawa wazi. Huko nje Fyuzi alikuwa anamuuliza pacha anaweka sukari ngapi.

Wembe akachukua wembe. Mkono wake ulitetemeka, kama wa pacha wake. Redio aliuona, akafumba macho, akangoja utulie.