Chaji ya Mzee Koki

Zamani benchi hili mbele ya kibanda changu cha viatu lilikuwa linagombaniwa. Mafundi kumi na mmoja walisubiri kazi hapa, ukichelewa unasimama. Siku hizi wenye nyumba wanatafuta mafundi kwenye simu, nao mafundi wameifuata kazi huko huko. Tumebaki mimi mshona viatu, Profesa mpaka rangi ambaye hakuna asilolijua, Mama Kahawa na birika lake, na Koki, fundi bomba. Mwezi uliopita binti yake Koki alimwandikisha kwenye huo mtandao wa mafundi, picha na namba ya simu. Hii wiki ya nne, hajapata kazi hata moja. Asipopata mpaka Jumamosi anahamia kwa huyo binti, mbali huko, akakae chumba cha uani. Roho inaniuma hata kulisema.

— Tatizo ni picha, akaanza Profesa. Umenuna. Nani amkaribishe ndani fundi aliyenuna vile?

— Nilikuwa nimebana pumzi, akasema Koki. Binti aliniambia nitulie.

— Wapi! nikadakia. Simu inajua umri. Ukibonyeza polepole tu, inakuandika mzee.

— Mie naona inaogopa maji, akasema Mama Kahawa huku akimmiminia Koki. Simu ikiingia maji si inakufa? Sasa itamtafutiaje kazi mtu wa maji?

— Hapo umenena! Profesa akapiga paja. Halafu kule juu kuna setilaiti, inaona kuta na mabati. Bomba limefukiwa ardhini, italionaje?

— Mbona wewe wa kuta hupati kazi? nikamuuliza.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana nimekaa.

— Umekaa mwaka wa pili, Profesa! akasema Mama Kahawa.

Tukacheka. Koki hakucheka, alikuwa anatazama kikombe chake.

Hapo akatokea mwanamke, gauni limelowa mpaka magotini, simu mkononi.

— Hamjambo? Samahani, baba, si wewe fundi Koki?

— Ndiye mimi, mama. Karibu.

— Jamani! Siku nne nakupigia, hupatikani. Sebule yangu imekuwa bwawa. Leo asubuhi nimechukua fundi mwingine. Nilikuwa napita zangu, nikaiona sura ya kwenye picha.

Koki akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa simu. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa fundo, imezimwa.

— Naizima isimalize chaji, akasema. Ili wateja wakipiga iwe imejaa. Naiwasha Jumapili tu, binti yangu akitaka kunijulia hali.

Profesa akaushika ule mfuko wa nailoni, akaugeuzageuza.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja.

— Na ninyi mnaoshinda naye hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia?

Miaka kumi na miwili tumekaa benchi moja. Nikajifanya natafuta sindano. Mama Kahawa aliinamisha birika, likatoa matone mawili, basi.

— Koki, nikasema mwishowe, hebu nipe namba yako.

Akafikiri, akafikiri. Hakuikumbuka. Ikabidi yule mama atusomee, tarakimu moja moja, kutoka kwenye simu yake.