Uso Uliopinduka: Maisha ya Maman Domitille M'Cirhuza (1957–2003)

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Colette. Muhumba, Jumamosi tarehe 10 Mei 2003.

Padiri ameniomba nisome kwa ufupi. Nitajitahidi, ingawa marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kufupishwa.

Maman Domitille alizaliwa Miti, Kabare, tarehe 14 Machi 1957. Alikuwa mtoto wa tatu wa Papa Cirhuza na Maman Adélaïde, wakulima, ambao wote wawili wametutangulia. Tangu utoto alikuwa mbishi. Akiambiwa hapana, aliuliza, "Hapana ya nani?" Mama alimpiga kwa ajili ya swali hilo, lakini halikumtoka.

Alisoma shule ya msingi kwa masista kule Miti, kisha akaja Bukavu, akapata diploma ya sekondari mwaka 1976 katika ukatibu. Alipiga mashine katika ofisi ya bima hapa mjini hadi vita ilipoifunga mwaka 1996. Wengi wenu mlidhani masomo yake yaliishia hapo. Hayakuishia.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na Floribert, agronome, yaani bwana shamba, mtu mpole aliyecheka kwa mabega. Floribert alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto; kaka yake Anaclet, aliyeketi hapa mbele, alimpiga jembe kwa bahati mbaya walipokuwa watoto. Ninalitaja kovu hilo kwa sababu mambo yote yanayofuata yanatokana nalo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Carine na Dany.

Jumamosi tarehe 26 Oktoba 1996, Floribert alikwenda Minova kugawa mbegu za maharagwe. Alisema atarudi Jumanne. Jumanne hiyo vita ikaingia Bukavu. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kutuambia alimwona wapi. Sisi tulikimbia, na tuliporudi nyumba ilikuwa imeporwa mpaka vitasa vya milango. Albamu ya picha nayo ilichukuliwa. Sijui mwizi alitaka kufanya nini na nyuso zetu. Kitambulisho cha Floribert alikuwa nacho mwenyewe mfukoni. Hivyo katika dunia nzima haikubaki picha yake hata moja.

Dada yetu akawa si mke, si mjane. Hakuvaa nguo nyeusi, na aliendelea kumwekea sahani. Majirani walinong'ona, na mimi niligombana na baadhi yenu, ambao leo mnalia kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Mwaka 1998, Jean-Claude alipokuja kumposa Carine, shida ikafika mlangoni. Nani angepokea mahari? Baba akiwa hai, ndugu hawezi kukaa kwenye kiti chake. Shemeji Anaclet akasema kwa haki kabisa, "Ndugu yangu alikufa. Tumulilie, tutoe kilio, tumalize matanga, mutoto aolewe." Lakini Maman Eulalie, mama yake Floribert, alikataa.

"Hakuna mwili," alisema. "Munataka nililie meza tupu? Munionyeshe basi sura yake. Nikiona sura ya mwana wangu, nitalia."

Hapo ndipo Domitille alipokumbuka kitabu chake cha misale, alichokimbia nacho vitani. Ndani yake alikuwa ameweka negatifu moja ya arusi, kile kipande cha filamu ambacho picha huchapwa kutoka kwake. Familia nzima ilikuwa imesimama mlangoni mwa kanisa, na uso wa Floribert ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Alizunguka studio zote zilizobaki mjini. Mashine zao zilikuwa za rangi, hazikujua filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwishowe akafika kwenye kile chuo cha sanaa cha hapa Muhumba, ambacho sasa kimefungwa. Katibu akamwambia, "Hapana, maman. Labo ya kuchapia picha iko ya wanafunzi tu."

"Hapana ya nani?" akauliza Domitille. "Basi muniandike mwanafunzi."

Wakamwandika. Oktoba 1998, vita ya pili ikiwa na miezi miwili tu, mama wa miaka arobaini na moja akaketi darasani kusoma upigaji picha, kati ya vijana waliolingana na Carine. Mwalimu wake, Prof Isidore, ambaye tunamshukuru kwa kufika, alikuwa na miaka ishirini na sita. Alimwita "maman" na yeye alimwita "prof," na hakuna aliyemcheka mwenzake. Filamu hazikupatikana, kwa hiyo mwaka wa kwanza walijifunza kwa kamera tupu. Domitille alinipiga picha mimi mara nyingi kwa kamera ile isiyo na kitu ndani, nikijipanga na kutabasamu kama mjinga. Watu walimwuliza kama haoni haya kubeba daftari na vijana. Alijibu kwamba mu chumba cha giza cha kuchapia picha hakuna muzee wala mutoto.

Machi 2000 ndipo aliporuhusiwa kuchapa. Umeme ulikuja ukakatika, karatasi zikaharibika, lakini akapata uso mmoja mkubwa, wenye ukungu kidogo, ukitutazama. Aliuficha ndani ya kikwembe alichojifunga, akapita barrière zote za askari hadi Miti kwa mama mkwe wake. Maman Eulalie akaushika, akaupeleka dirishani penye mwanga.

"Huyu si mwana wangu," akasema. "Kovu ya mwana wangu iko upande wa kushoto."

Kweli, kovu lilikuwa kulia. Wanaojua kazi wanajua kilichotokea: negatifu ina pande mbili, na ukiiweka kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Prof Isidore alimwambia mara alipoiona: "Maman, mulipindua. Mugeuze tu, ni dakika moja."

Hakugeuza. Siku zile dada yetu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Floribert aondoke. Aliimba akifua. Niliogopa nikadhani akili imemtoka, lakini baadaye nilielewa. Mama mzazi alikuwa amesema huyu si yeye. Basi hapakuwa na wa kulilia. Kila alipoulizwa alisema umeme hakuna. Umeme ulikuwepo.

Ni Carine aliyemtoa huko. Alikuja akapiga magoti jikoni, akasema, "Maman, nami pia ninamungojea papa. Lakini nitazeekea hapa ninyi mukingojea dakika moja?" Kesho yake Domitille alirudi chuoni, akageuza negatifu, akachapa. Prof Isidore anasema sura ilipoanza kutokea ndani ya maji ya dawa, yeye mwalimu alitoka nje, akamwacha dada peke yake nayo.

Maman Eulalie aliipokea picha ya pili bila kwenda dirishani. Akagusa nyusi ya kushoto kwa kidole. Akamshika mukamwana wake mkono na kusema, "Basi, kuya tumulilie."

Misa ya kumwombea marehemu ilisomwa tarehe 6 Mei 2000, picha ikiwa mezani, na Carine aliolewa Agosti ya mwaka huo. Domitille angeweza kuacha chuo. Alichokifuata alikuwa amekipata. Alibaki. Alimaliza Julai 2001 kwa heshima, akafungua studio ndogo sebuleni, akapiga picha za pasipoti, za komunyo na za vilio. Kabla ya kuchapa uso wa mtu alimwuliza kwanza, "Kovu yako iko upande gani?" Wasio na kovu walicheka. Yeye hakucheka.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka jana. Dawa ilitoka ng'ambo ya mto Ruzizi, na mpaka wa nchi ulipofungwa, ilikosekana. Hasira ninayo, siifichi: dada yangu hakupigwa risasi, lakini vita ndiyo iliyomwua. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 8 Mei 2003, asubuhi, Carine akimshika mkono.

Juu ya kitanda chake ilitundikwa ile picha ya kwanza, iliyopinduka. Dany aliwahi kutaka kumbadilishia. Akakatazwa: "Ile nzuri ni ya marehemu. Huyu iko Minova, bado hajarudi." Leo asubuhi, kabla ya sanduku kufungwa, Maman Eulalie aliiomba picha hiyo, akaiweka chini ya mikono ya Domitille. Alisema, "Huyu mimi nilimukataa. Ni wake. Aende naye."

Maman Domitille ametanguliwa na wazazi wake na mume wake, Floribert. Anawaacha watoto wake Carine na Dany, mkwe wake Jean-Claude, mjukuu mmoja, mama mkwe Maman Eulalie, shemeji Anaclet, mimi mdogo wake, na mume wake, Floribert, aliyekwenda Minova.

Mtaona katika programu jina hilo limeandikwa mahali pawili. Mpiga chapa aliniuliza kama nimekosea. Nilimwambia aliache.

Pumzika kwa amani, dada. Usimwekee sahani tena.