Viatu Vilivyovuka Mpaka

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya viatu ya shemeji yangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kisigino. Asubuhi ile kahawa ilinoga kuliko siku zote, maana Masafa, dereva wa lori, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Miaka yote kazi yake ilikuwa kupeleka ngozi mbichi na kurudi na viatu. Safari hii alipeleka viatu, tena vya shemeji.

— Haya, sema basi! Vimepokelewaje? — shemeji aliuliza, vidole bado vina gundi.

— Yule bwana wa forodha alifungua boksi, akakunja kimoja, akanusa. Akaniuliza, "Vya wapi hivi?" Nikamwambia, "Vyetu!" Mama, nilisema kwa sauti mpaka foleni yote ikageuka.

Shemeji alikaa chini. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiwiko.

Waziri, kinyozi wa jirani aliyepewa jina hilo kwa kupenda hotuba, akasimama.

— Mnaona? Siku zote tunauza ngozi kwa bei ya chee, halafu tunainunua ngozi ileile ikiwa kiatu. Nchi ikitaka kukimbia kidogo tu, inaagiza mashine, inaagiza mafuta, fedha za kigeni zinaisha, tunarudi kutambaa. Dawa ni kuuza kilichoshonwa! Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana tumeanza na viatu.

— Methali hiyo umeivalisha mguu usio wake, — nikamwambia.

— Wewe subiri. Mwakani tunauza masofa.

— Masofa kitu gani! — Masafa akadakia. — Tuunde malori!

— Basi ndege kabisa, zenye viti vya ngozi yetu! — Waziri akapandisha. — Wao watuletee ng'ombe, sisi tuwarudishie ndege!

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Hapo mteja mgeni, dada mmoja aliyeleta kiatu kilichobanduka, akauliza taratibu:

— Samahani jamani. Soli mnatengenezea wapi?

Masafa akakuna kichwa.

— Soli… nimezileta mimi. Kutoka kulekule. Na gundi pia.

— Kwa hiyo mkiuza viatu mara mbili, mtaagiza soli mara mbili. Sasa hao wa ng'ambo mtawafikia lini?

Waziri akachungulia birika. Tupu.

Shemeji ndiye aliyeinuka. Alikichukua kile kiatu cha mgeni, akakigeuza, akaigonga soli kwa kidole.

— Mdogo wangu, jibu sina, — alisema, kidevu kikiwa juu. — Lakini mwaka jana hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniuliza swali hilo.