Mto wa Titus

Benchi letu liko nje ya duka la Mansukh, Tooting, London. Kila Jumamosi mchana tuko hapo na chupa moja ya kahawa ya tangawizi: Mansukh mwenyewe, tunayemwita Mwanza kwa kuwa kwake kila jambo lilianzia Mwanza, Philemon dereva wa basi, ambaye hapa benchini ni Profesa; Titus; na mimi, mmiminaji nisiyeshukuriwa na mtu. Jumamosi hiyo Titus alikuja na vitabu vya watoto vya mitumba, vyote habari za utoto wa Wamarekani wakubwa. Binti yake Nancy ameambiwa shuleni aandike kama hivyo utoto wa baba yake, Jumatatu apeleke.

PROFESA: Siri yao ni njaa. Kila mmoja, ukurasa wa kwanza tu, hana kiatu.

MWANZA: Wapi! Ni nyumba ya mbao. Ukizaliwa humo, urais huo.

PROFESA: Wewe si ulizaliwa kwenye banda la mbao?

MWANZA: Lilikuwa na bati. Bati ndilo lililoniharibia.

Tukacheka. Titus hakucheka.

TITUS: Nilimwambia Nancy aandike hivi: baba alisoma kwa mwanga wa moto, akatembea kwenye theluji kurudisha kitabu cha watu.

PROFESA: Theluji, kwenu Rungwe?

TITUS: Naye kaniambia, “Dadi, hiyo ni ya rais.” Miaka minne namsomea hivi vitabu, bwana. Nikitafuta kumbukumbu zangu, zinakuja za kwao.

MWANZA: Weka simba. Mwanza simba alikuwa akiingia dukani.

PROFESA: Na wewe ukamuua kwa rula.

TITUS: Nataka kitu cha kweli, jamani. Kimoja tu. Nakumbuka mto. Maji ya baridi, nimebeba ndoo, mama yuko nyuma anaimba ili nijue yupo.

Dada mmoja aliyetoka dukani na unga wake akasimama. Ni Vaileth, nesi, ana wiki ya tatu London.

VAILETH: Shikamooni. Baba, mimi natoka Tukuyu, hukohuko Rungwe. Mto huo unaitwaje?

Titus aliondoka Rungwe akiwa na miaka tisa.

TITUS: Subiri. Naujua.

Akaanza jina, akaliacha katikati.

PROFESA: Piga simu nyumbani, uulize.

TITUS: Wa kumuuliza alikuwa mama.

Vaileth akaweka unga chini, akakaa.

VAILETH: Kiwira? Mbaka?

TITUS: Mdogo, mwanangu. Ulikuwa mdogo zaidi.

Vaileth akaendelea kumtajia mito, hadi vijito, na Titus akitikisa kichwa kwa kila jina. Kahawa iliisha, hakuna aliyeinuka.