Kipande cha Fundi wa Sare

Fundi wa sare za shule alipakata mkoba ndani ya basi. Humo mkobani mlikuwa na vidonge vilivyobaki vya dada yake, aliyepona saratani ya matiti. Kesho angeanza kuvimeza yeye, kwa uvimbe wa titi lake uliokatwa kipande cha kupimwa, akamwambia jirani yake wa kiti, mzee mwenye beji ya maabara ya hospitali.

"Usithubutu, mwanangu," mzee akasema. "Hivyo vinazuia homoni. Kuna uvimbe unaolishwa na homoni, na kuna usio na habari nazo. Uvimbe wako ukiwa wa aina ya pili, utameza bure huku wenyewe unakua."

"Mzee wangu, mimi na dada tumenyonya ziwa moja!"

"Hata kama. Wewe fundi, unamshonea mtu nguo kwa vipimo vya dada yake?"

"Kila shule zikifunguliwa!" Fundi akacheka. "Naagizwa saizi tatu kwa shule nzima, wenye mabega wajikunje. Leo ndiyo mmekumbuka kupima mtu mmoja mmoja?" Lakini udadisi ukamshinda. "Mnaijuaje aina yenyewe?"

"Kile kipande cha uvimbe ulichokatwa tunakitia dawa. Kikishika rangi, kinalishwa na homoni."

"Changu kina wiki ya saba kwenu. Kimeshika?"

Mzee akageukia dirisha. "Foleni ni ndefu."

Maneno hayohayo aliambiwa dada yake miaka tisa iliyopita, na fundi hakuwa amesahau hata sauti.

Basi likasimama mbele ya maabara. Mzee akainuka, fundi naye akainuka, akamshika mkono wa koti.

"Tangulia, baba. Ukanioneshe kilipo."