Mwalimu Gérard na Walinzi wa Romani

Kwanza salamu, kwa sababu mutu haanzi habari za mutu bila kumusalimia. Tunamusalimia Mwalimu Gérard mwenyewe. Tunamusalimia Mama Cécilia, muke wake, aliyemuvumilia na chaki yake mpaka kwenye mashuka. Tunamusalimia mama yake muzazi kule Lusangi, ambaye mpaka leo anamuita "mutoto". Tunawasalimia watoto wake Joël na Rachelle, na kale kachanga ka Rachelle ambako jina lake bado halijatufikia. Kwetu pia tuko wazima: Baba Sonia, bwana yangu, iko, mugongo tu unamusumbua, Sonia iko, mudogo wake Laura iko, mimi pia niko.

Mwalimu Gérard amefundisha Kifaransa katika shule yetu ya sekondari hapa Kasongo miaka makumi tatu na mine. Tarehe 30 mwezi wa sita anaweka chaki chini, anaingia pansheni. Prefe, mukubwa wa shule, alitafuta mutu wa kuandika maneno ya karatasi hii ya sherehe, walimu wote wakakimbia. Walisema atawasahihisha na biki nyekundu mbele ya wageni. Ndiyo kazi ikanifikia mimi, ninayefagia madarasa na kupika chai ya walimu. Mimi niliishia mwaka wa ine wa primeri. Hata akichora nyekundu karatasi nzima, sina pointi za kupoteza.

Alikuja hapa kijana, na baiskeli, shati moja jeupe na koti moja. Koti lile liko mpaka leo. Wakati wa vita, walimu wengine walipokwenda, alibaki na watoto waliobaki. Alipougua malaria hakufunga darasa. Alilihamisha uani kwake. Huko ndiko mbuzi wa Mama Cécilia alikokula karatasi ya kazi ya mwanafunzi Bruno. Bruno akalia. Mwalimu akamuambia: "Mbuzi amemaliza mtihani wake, ana kumi juu ya kumi. Sasa wewe andika tena." Bruno leo ni muganga wa hospitali, na bado anachukia mbuzi.

Lakini kazi yake kubwa, ile tunayojivunia, ni disertasyo, ile insha ndefu ya mwaka wa sita. Mutoto anasoma romani, kitabu cha hadithi, halafu anaonyesha simboli, ni kusema kitu cha kawaida katika kitabu ambacho mwandishi amekibebesha maana nyingine. Taabu yake, romani ilikuwa moja tu kwa darasa zima, na jalada limeshonwa na uzi wa nailoni. Basi Mwalimu akagawa vitu badala ya vitabu. Yeye anasoma kwa sauti, na kila mutoto ni mulinzi wa kitu kimoja: huyu taa, yule chungu, yule mbwa. Kitu chako kikitajwa, unasimama, unasema kimefanya nini, unakaa. Mimi nikifagia barazani nilikuwa ninasikia mabenchi tu: kwa! kwa! kwa! Siku waliyofika kwenye harusi ya kitabuni, darasa zima lilisimama pamoja.

Na sheria yake nyingine: disertasyo haisahihishwi kama haijasomwa kwanza nyumbani, mbele ya mutu asiyejua kitabu. Yule mutu asipoelewa, mutoto anaandika upya.

Sonia, binti yangu, alipofika mwaka wa sita, alipewa kulinda mulango. Wenzake wakamuita Mama Mulango. Baba yake akakasirika: "Ninalipa minerval ya shule, feza yote ile, ili mutoto asimame kila wakisema mulango? Hata kuku wetu wanasimama mulango ukifunguka, na hawalipi kitu!" Mwaka ule Mado, dada ya Baba Sonia, anayeuza chakula kwenye machimbo ya dhahabu kule Salamabila, alikuwa anataka musichana wa kumusaidia. Baba Sonia alikubali kumutoa Sonia shuleni, amupeleke. Pikipiki ilipangwa kwa Jumamosi. Mimi sikutaka, maana ninajua wasichana waliokwenda kule, na wale ambao hawajarudi.

Katika ile romani, mama mumoja anafunga mulango wake muchana. Kwetu, anayefunga mulango saa ya kupika anakula peke yake. Kwa hiyo Sonia aliandika: mulango ni simboli ya uchoyo. Mwalimu hakumupa sifuri. Alimuambia: "Umeandika mulango wa Kasongo, na umeuandika vizuri. Sasa rudi kwa mulango wa kitabu. Keti na Clovis, mulinzi wa chungu, mulinganishe."

Wakaketi, wakalinganisha. Kila mara mulango ulipofungwa, chungu kilikuwa kitupu. Yule mama hakuwa anaficha chakula. Alikuwa anaficha njaa, majirani wasione.

Siku ya Ijumaa, kabla jua halijashuka, Sonia alimusomea baba yake, akigeuza Kifaransa katika Kiswahili. Baba Sonia alikuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Walipofika kwenye chungu, mikono ikasimama. Sisi tulipofika hapa, tumekimbia kutoka Kabambare, tulifunga mulango wetu hivyo hivyo, na watu wakatuita wachoyo. Mutoto hakuwa amezaliwa. Hakuna aliyemuambia.

"Na yule mama," baba yake akauliza, "mwisho alifungua?"

"Sijui, Baba. Mwalimu atasoma mwisho Alhamisi."

"Basi Mado angoje."

Jumamosi pikipiki ilikwenda na magunia ya mchele ya mutu mwingine. Alhamisi Baba Sonia akaja shuleni, kofia mukononi, akasimama chini ya dirisha la mwaka wa sita kama mutu anayeningojea mimi. Mwalimu alimuona. Hakumuita, hakugeuka, alipandisha sauti tu, mpaka maneno yakatoka dirishani. Nyumbani Baba Sonia akaniambia: "Alifungua. Jirani aliingia na muhogo." Habari ya Salamabila haikurudi tena.

Sonia alishinda Exetat, mtihani wa serikali, akaendelea na masomo ya ualimu Kindu, amemaliza. Mwezi wa tisa anaingia katika darasa la Mwalimu Gérard, na Prefe ametia sahihi.

Mwalimu, aksanti. Aksanti kwa wote uliowasimamisha. Ulime vizuri kwenu Lusangi, ulale mpaka jua litoke, magoti yako yapone, mama yako akufurahie. Neno moja limebaki. Sonia anaogopa ile siku ya kwanza ya kufundisha. Hasemi, lakini mimi mama yake ninaona sahani ya chakula anayoiacha. Anataka siku ile uje uketi darasani, benchi ya nyuma. Hakunituma kuandika hivi, nimeandika mwenyewe. Pikipiki za Lusangi zinafika sokoni kila asubuhi: umupe dereva yeyote jibu, unakuja ama hauji, lakini upesi. Mutoto anangoja, na mimi ninangoja zaidi yake.

Mama Sonia